Tovuti ya biashara: Fundi wiki moja, mwenye mali mwezi mzima

MWANZA. Swali la kwanza ambalo mfanyabiashara mdogo humuuliza fundi wa tovuti ni bei. La pili ni muda: itakuwa tayari lini?

Jibu analopewa mara nyingi ni wiki moja au mbili. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Fundi anaweza kumaliza sehemu yake ndani ya wiki moja. Kinachochukua muda mrefu ni sehemu ya mwenye biashara, na hapo ndipo tovuti nyingi hukwama wakati malipo ya awali yameshatolewa.

Chukua mfano wa muuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Soko hilo, lililopo Manispaa ya Ilemela, hupokea dagaa na samaki wakavu kutoka visiwa vya Ziwa Victoria, vikiwamo vya Ukerewe. Wanunuzi hutoka mikoa mingine ya Tanzania na nchi za jirani kama Kongo, Rwanda na Burundi.

Mnunuzi aliyeko Lubumbashi au Bujumbura hawezi kuja kila mara kushika dagaa kwa mkono. Kabla ya kutuma fedha anataka kujua kama dagaa wamekaushwa kwenye chanja au mchangani, gunia lina kilo ngapi, muuzaji amesajiliwa wapi na nani atapokea simu. Tovuti isiyojibu maswali hayo haina kazi, hata kama ina rangi za kupendeza.

Hatua na muda wake

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, intaneti ya Mwanza ilitegemea satelaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na baadaye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaunganisha mikoa, Mwanza ikiwamo. Kwa hiyo leo ucheleweshaji mwingi hauanzii kwenye laini.

Hatua ya kwanza ni kupata anuani ya tovuti, ambayo wataalamu huiita kikoa. Anuani zinazoishia na .tz husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na huuzwa kupitia wasajili waliopewa idhini. Biashara hutumia .co.tz. Kama jina halijachukuliwa na mtu mwingine, kazi hii huweza kwisha siku hiyo hiyo.

Ni vizuri jina hilo lilingane na lile lililosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ambao tangu mwaka 2018 husajili kwa njia ya mtandao. Asiyekuwa na usajili aanzie huko, maana mnunuzi wa mbali huuliza jambo hilo mapema.

Hatua ya pili ni ujenzi wenyewe. Tovuti ya kurasa nne au tano, inayotumia muundo uliokwisha tengenezwa, huchukua siku tatu hadi saba iwapo picha na maelezo yote yapo mezani. Ikiwa na masahihisho ya hapa na pale, huwa wiki mbili hadi nne. Duka kamili la mtandaoni, lenye malipo ya simu na hesabu ya mzigo uliobaki ghalani, linaweza kuchukua miezi miwili au mitatu.

Hatua ya tatu husahaulika. Tovuti mpya haionekani Google siku ile ile inapofunguliwa. Huweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kabla mtu anayetafuta dagaa wa Mwanza hajaiona.

Kinachokwamisha

Fundi hawezi kujua uzito wa gunia wala tofauti ya madaraja ya dagaa. Anasubiri aelezwe. Mwenye mali naye yuko mwaloni tangu alfajiri, anapokea mzigo na kukimbizana na magari. Wiki inapita, kisha mwezi. Fundi anachukua kazi nyingine, na tovuti inabaki na ukurasa mmoja ulioandikwa kwamba matengenezo yanaendelea.

Dawa yake ni kukusanya vitu kabla ya kumwita fundi. Vinavyohitajika ni picha safi za kila daraja zilizopigwa mchana, uzito wa ujazo, namba za usajili na leseni, njia za malipo, na namba ya simu inayopatikana wakati wote.

Bei ya dagaa hubadilika kwa siku, hivyo ni afadhali kuweka namba ya kuulizia kuliko kuandika bei itakayokuwa ya zamani kesho yake. Maelezo yawe ya Kiswahili, na kwa wanunuzi wa Kongo na Burundi kurasa chache za Kifaransa husaidia.

Kwa wafanyabiashara wa ziwani, mwezi wenyewe unaweza kuwa kalenda ya kazi hii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi kali mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo ambazo mzigo ni mdogo zitumike kupiga picha na kuandika maelezo. Giza linaporudi, mfanyabiashara arudi sokoni na fundi aendelee na ujenzi. Mbalamwezi inayofuata iwe ya kukagua, kusahihisha na kufungua tovuti. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku kama 29 na nusu, na huo ndio muda halisi wa kupanga.

Hesabu ya faida

Kabla ya kuanza, mfanyabiashara apige hesabu kwa magunia. Kwa mfano tu, tuseme ujenzi unagharimu Sh600,000, na anuani pamoja na nafasi kwenye seva ni Sh150,000 kwa mwaka. Kama faida ya gunia moja ni Sh6,000, anahitaji kuuza magunia 100 ya ziada ili kurudisha gharama ya ujenzi, na magunia 25 kila mwaka kuiendesha.

Ni magunia ya ziada, si yale ambayo wateja wa siku zote wangenunua hata hivyo. Anayeuza rejareja kwa majirani huenda asiyapate, na WhatsApp ikamtosha. Anayetafuta wanunuzi wa jumla wasiomfahamu, au anayetaka kuaminiwa na hoteli na viwanda vya chakula cha mifugo, ana sababu nzuri zaidi.

Mitego ya kukwepa

Mtego mkubwa ni umiliki. Fundi anaposajili anuani kwa jina lake mwenyewe, siku wakikosana mfanyabiashara hupoteza anuani iliyochapwa kwenye magunia na kadi zake zote. Usajili uwe kwa jina la mwenye biashara, na nywila zote akabidhiwe yeye.

Malipo nayo yatolewe kwa awamu: sehemu mwanzoni, sehemu baada ya kuona kurasa, na salio tovuti ikishafunguliwa na kujaribiwa kwenye simu ya kawaida. Makubaliano yaandikwe, yakitaja tarehe ya fundi kumaliza na tarehe ya mwenye mali kukabidhi picha na maelezo. Bila tarehe hiyo ya pili, ile ya kwanza haina maana.

Ada ya anuani hulipwa upya kila kipindi cha usajili kinapokwisha. Asiyelipa hupotea mtandaoni, na mwingine anaweza kulichukua jina hilo.

Tena, tovuti inayokusanya majina na simu za wateja inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo taarifa hizo zisigawiwe ovyo.

Mfanyabiashara akiulizwa tovuti yake itakamilika lini, asimtazame fundi peke yake. Atazame kwanza kama picha za dagaa wake zimeshapigwa.