Rungwe walikaa, Iringa waliuliza (2)

Wiki iliyopita nilieleza kinachotenganisha sosholojia na anthropolojia. Leo nina neno na vijana wa vyuo vya maendeleo ya jamii vya Uyole, Ruaha na Rungemba. Wengi wao huyakariri masomo haya kwa ajili ya mtihani kama habari za Ulaya: Durkheim kasema hivi, Weber kasema vile. Kumbe mbinu za elimu hii zilijaribiwa hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, miaka ya 1930, na kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Iringa, Gordon Brown, mwanaanthropolojia aliyekuwa mtumishi wa idara ya elimu, alipatana na Bruce Hutt wa utawala wa wilaya. Mtawala angeleta maswali yanayomkabili kazini, mtaalamu angekwenda kwa Wahehe kutafuta majibu, na hakuna ambaye angeingilia kazi ya mwenzake. Serikali ilikuwa ikitawala kupitia machifu, kwa hiyo ilihitaji kujua wanzagila, yaani machifu wadogo, wa Mtwa Sapi, mwana wa Mkwawa, wanasikilizwa kwa lipi na kupuuzwa kwa lipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1935 katika kitabu Anthropology in Action.

Rungwe, kwa Wanyakyusa, mambo yalikuwa mengine. Mwanaanthropolojia Godfrey Wilson alifika mwaka 1934, mkewe Monica akamfuata mwaka 1935, na kazi yao ikaendelea hadi 1938. Walijifunza Kinyakyusa, wakahudhuria misiba na ndoa. Karani wao, Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa msomi, aliwaandikia, akawatafsiria na kuwaeleza waliyokuwa wakiyaona. Nadhani jina lake lilistahili kukaa karibu zaidi na majalada ya vitabu vile.

Kilichowashangaza ni vijiji vya marika. Mvulana wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba, akajenga kibanda na wenzake pembeni, huku akiendelea kula kwa mama. Walipokua walioa na kubaki pale pale. Kijiji kikazeeka nao. Baadaye, kwa sherehe kubwa iliyofanyika mara moja katika kizazi, wazee waliwaachia vijana uongozi wa nchi. Sababu mojawapo ya marika kuishi mbali na wazazi ilikuwa miiko ya ukwe. Mke wa kijana hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake, hata njiani alimkwepa. Sasa kijana aliyeoa angekaaje ua mmoja na babaye? Monica aliyaandika hayo katika Good Company, mwaka 1951. Watafiti waliofuata walitilia shaka kama vijiji hivyo vilienea kila mahali kama alivyovichora, na shaka hiyo ni halali: wakati ule kahawa ilikwishaingia, vijana walikuwa wakienda kuchimba dhahabu Lupa, na ardhi ilianza kubana. Mwenyewe alirudi kuyafuatilia mabadiliko hayo katika For Men and Elders, mwaka 1977.

Mwanafunzi wetu anapokwenda fildi, hufuata njia ipi? Ya Iringa, bila kujua. Hufika kijijini na dodoso lililotungwa ofisini, akaripoti kwa mtendaji, akaitiwa watu. Akishaajiriwa kuwa afisa wa kata, wakubwa humuuliza vikundi vingapi vimesajiliwa na mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri umerejeshwa kiasi gani. Ni maswali ya lazima, siyadharau. Lakini yote yanatoka juu. Tena Brown aliandika waziwazi nani aliyemtuma kuuliza. Ripoti nyingi za leo hazina hata uungwana huo.

Njia ya Rungwe ina gharama zake, kwani miezi miwili ya fildi haitoshi mtu kujifunza lugha. Walakini mwanafunzi aliyekulia Tukuyu anayo lugha tayari, tena kuliko Monica alivyowahi kuwa nayo, na mara nyingi ndiye huyo anayepangiwa Mufindi. Wiki ya kwanza aliache dodoso begini, aende shambani, sokoni na msibani. Huko ndiko atakakosikia kwamba kikundi kilichovunjika mwaka jana kilikuwa cha wakwe watupu waliolazimishwa kutimiza idadi ili fomu ikubaliwe, na mkopo waliurejesha kwa kukopa kwa jirani. Hakuna kisanduku cha kuweka tiki kwa jambo la namna hiyo. Juma lijalo nitaeleza jinsi ya kutunga maswali baada ya kukaa na watu, badala ya kabla.