Kabla ya Lifti, Pima Sakafu

Anayetaka lifti ya gari kwa gereji ya nyumbani huanza kwa kuuliza inabeba tani ngapi. Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Lifti za kawaida hubeba tani 3.5 hadi 4, na Hilux, pikapu ya Toyota inayoundwa hapa Prospecton, kusini mwa Durban, ina takribani tani 2. Chuma kinatosha. Kinachomshinda mwenye nyumba ni dari na zege.

Tuanze na dari, maana hesabu yake ni fupi. Mlango wa kawaida wa banda la gari Afrika Kusini una kimo cha mita 2.1 hivi, na dari nyingi ziko karibu mita 2.4. Corolla ina mita 1.45. Ukitaka kusimama chini yake bila kuinamisha shingo, uinyanyue mita 1.8; jumla ni 3.25. Paa lisilo na dari, lenye mihimili iliyoinuka katikati, linaweza kukuokoa. Kama juu ya banda kuna chumba cha kulala, mjadala umekwisha. Upana nao una lake: lifti ya nguzo mbili huhitaji takribani mita 3.4 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na banda la gari moja mara nyingi ni mita 3.

Zege ndiko kwenye mambo. Hilux ikiwa hewani, kila nguzo inabeba tani moja, lakini mzigo huo haukai juu ya nguzo. Umening'inia kwenye mikono, sentimita 80 hivi ndani zaidi, kwa hiyo kila nguzo inataka kuinamia gari. Kinachoizuia ni bolti zilizozamishwa sakafuni. Kilo 1,000 zikiwa mbali kwa sentimita 80, na kitako cha nguzo kikiwa na upana wa sentimita 30 tu, bolti za upande wa nje huvutwa kwenda juu kwa nguvu inayozidi tani 2.5. Bolti haitakatika. Itang'oka na kipande cha zege.

Ndiyo maana watengenezaji wengi hudai zege lenye unene wa milimita 100 hadi 150, lisilo na nyufa karibu na bolti, na lililokaa siku 28 tangu limwagwe. Sakafu ya banda la nyumbani ilimwagwa ili gari liegeshwe, basi. Kuikagua hakuhitaji mhandisi: toboa tundu la milimita 10 pembeni kwa drili, ingiza waya uliokunjwa ncha mithili ya ndoana, uvute hadi ncha ikwame chini ya zege, weka alama usawa wa sakafu, kisha pima. Utazame na unga unaotoka. Ukigeuka mwekundu mapema, umeshafika kwenye mchanga wa Berea, ule mchanga mwekundu uliolala chini ya sehemu kubwa ya Durban. Na kwa kuwa jiji hili limejengwa vilimani, mabanda mengi yamesimama nusu kwenye ardhi iliyochongwa, nusu kwenye kifusi. Kifusi hutitia kidogo kidogo, na ufa huanzia hapo zinapokutana. Usifunge nguzo juu ya mpaka huo hata kama zege ni nene.

Kunyanyua kwenyewe ni jambo la zamani. Kanuni ni ya Pascal, ya karne ya 17: shinikizo katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa kila upande, hivyo pampu ndogo husukuma silinda kubwa. Mwaka 1925 fundi Peter Lunati wa Memphis, Marekani, aliunda lifti ya magari ya haidroliki baada ya kutazama kiti cha kinyozi kikipanda na kushuka. Kazi yenyewe ni ndogo ajabu. Kupandisha tani 2 mita 1.8 ni kilojuli 35, joto lisilochemsha zaidi ya nusu kikombe cha chai.

Mota ya lifti ndogo, kilowati 2.2, hutosheka na umeme wa nyumbani wa volti 230. Shida ni sekunde ya kwanza, inapovuta mkondo mara tano au sita ya ule wa kawaida. Swichi ya soketi hukatika, na inveta ambazo watu walifunga nyumbani wakati wa mgao mkali wa umeme wa 2023 nyingi hugoma pia. Iwekee laini yake.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Gari likiwa juu halipaswi kukalia mafuta, bali kufuli za chuma ndani ya nguzo, kwa sababu mpira wa silinda huchoka. Sasa, ili kufuli ziachie, lazima gari lipande kidogo kwanza. Umeme ukikatika, gari halishuki. Uliza kama pampu ina mkono wa dharura, na uujaribu palepale dukani.

Ukikaa Bluff, mtaa wa Durban ulio kando ya bahari, ongeza adui mwingine: chumvi. Hewa ya bahari hula waya za chuma zinazofanya mikono ya nguzo mbili ipande pamoja, na huanzia ndani, kwenye kapi, usipopaona. Grisi na tochi kila mwezi.

Kuna watakaosema afadhali shimo la kufanyia kazi chini ya gari, kama gereji nyingi za Dar na Mombasa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hulala humo ukingoja cheche. Na mvua za Aprili 2022, zilizoua watu zaidi ya 400 KwaZulu-Natal na kufunga kiwanda cha Toyota Prospecton kwa miezi, zilionyesha maji ya huku huenda wapi.

Kwa banda la kawaida la Durban, mimi ningechukua lifti ya mkasi inayopanda mita moja. Kitako chake kipana husukuma sakafu chini badala ya kung'oa bolti, na chini ya dari ya mita 2.4 Corolla bado hupanda sentimita 80 hivi. Breki, springi na matairi utafanya kwa raha. Giaboksi utaisumbukia, kwa sababu mkasi umekaa katikati ya gari. Lifti za nguzo nne ni za mwenye nafasi na magari mawili ya kuegesha. Nguzo mbili ndizo bora kwa fundi, lakini anayezitaka avunje sakafu, amwage zege jipya lenye nondo, asubiri siku zake 28, ndipo aende dukani.