Bei na thamani si kitu kimoja

Walimu wenzangu wengi huweka akiba zao katika hisa, na mara kwa mara nawasikia wakisema kwamba hisa fulani ni rahisi kwa kuwa bei yake i chini ya thamani yake. Mimi ni mtu wa isimu, si wa benki. Hata hivyo kauli hiyo yanigusa, maana imebeba maneno mawili ambayo Kiswahili kilifanya busara kuyatenga. Asili ya bei ni neno la Kiarabu lenye maana ya uuzaji. Yaani, pasipo mnunuzi hapana bei. Thamani nayo (ambayo kwa Waarabu wenyewe ni jirani sana wa bei) sisi tumeipa kazi ya kutaja kile ambacho kitu kinastahili.

Katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, maneno haya mawili hukaribiana. Mfuko ukiwa na mali ya Sh100 milioni, madeni ya Sh2 milioni, na sehemu milioni moja, ambazo ndugu zetu Watanzania huziita vipande, basi kila kipande ni Sh98. Mwenye kukirudisha hulipwa kwa hesabu hiyo.

Kampuni inayousimamia mfuko ni jambo jingine kabisa. Mali si yake. Chake ni ujira. Tuseme inasimamia Sh10 bilioni na kukata asilimia 1 kwa mwaka: hupata Sh100 milioni. Mishahara na kodi ya ofisi zikila Sh60 milioni, faida ni Sh40 milioni. Sasa soko lianguke kwa asilimia 20. Ujira washuka hadi Sh80 milioni, gharama hazitikisiki, na faida yabaki Sh20 milioni. Soko limepoteza moja ya tano, kampuni imepoteza nusu! Soko likipanda, mambo hugeuka vivyo hivyo. BlackRock ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, iliuza hisa zake kwa umma mwaka wa 1999 kwa dola 14 kila moja. Kufikia 2021 zilikuwa zimepita dola 900. Aliyenunua alinunua ujira wa miaka ijayo, wala si mali ya wateja.

Kisha kuna kampuni kama Centum, iliyoasisiwa hapa kwetu mwaka wa 1967, ambayo mali inazosimamia ni zake. Katika miaka ya hivi karibuni hisa yake imeuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi kwa bei iliyo chini mno ya mali iliyoandikwa vitabuni. Mwenye hisa hawezi kwenda dirishani akadai fungu lake la ardhi na majengo. Hana budi kumtafuta mnunuzi mwingine, naye mnunuzi huyo hujiuliza ni nani aliyeyapima majengo hayo.

Kwa hivyo mwalimu akiniambia kwamba hisa ya Sh10 yenye mali ya Sh60 ni rahisi, namuuliza ni nani atakayempa hizo Sh60, na lini.