Kutu Nyeupe Ghalani

Afunguaye katoni ya bolti mpya zilizopakwa zinki hutazamia kuona mng'aro. Hapa Dar es Salaam, hasa baada ya masika, huweza kukuta unga mweupe ulioshikana katika hesi kama chokaa. Muuza duka mmoja alipata kunihakikishia kuwa ni vumbi la safarini, akaisugua bolti kwa upindo wa shati lake. Halikufutika. Ile ilikuwa kutu nyeupe, na zinki iliyokwisha kuliwa hairudi.

Ajabu ni kwamba bolti iliyo juu ya paa, inyeshewayo kisha ikakaushwa na upepo, huweza kuhifadhika kuliko ile iliyofungiwa katonini. Sababu yake ni hewa. Zinki iliyo wazi hushika oksijeni na maji, kisha hewa ya ukaa, ikajifanyia ngozi nyembamba ya kabonati isiyoyeyuka upesi. Lakini maji yaliyonaswa baina ya nati mbili zilizobanana hayapati hewa ya ukaa ya kutosha. Hapo zinki hugeuka kuwa haidroksaidi, unga uliofura usiokinga kitu. Na maadamu maji yapo, ulaji huendelea. Chumvi ya bahari, au ya jasho la mikono, huuharakisha.

Wala hapana zinki nyingi ya kupoteza. Ile ipakwayo kwa umeme aghalabu huwa na unene wa maikromita 5 hadi 8, ilhali unywele wa kichwani hufikia kama 70.

Maji hayo hutoka wapi, ikiwa paa halivuji? Ni umande. Hewa yenye joto la sentigredi 30 na unyevu wa asilimia 80 huacha umande juu ya kitu chochote kisichozidi sentigredi 26. Shehena ya bolti ni nzito, hivyo hukawia kupata joto. Mlango wa ghala ufunguliwapo asubuhi, maji hutona juu ya chuma kama yatonavyo juu ya chupa ya soda baridi.

Wengi hukimbilia kuifunika shehena kwa nailoni hadi sakafuni. Nailoni huzuia mvua, lakini pia huufungia umande ndani. Ni afadhali katoni ziinuliwe juu ya vibao vikavu, mbali na ukuta, hewa ipite kati yake. (Ubao mbichi haufai, kwa kuwa hutoa mvuke wa asidi.) Katoni iliyolowa ifunguliwe siku hiyo hiyo, bolti zitandazwe zikauke. Mfuko usiopitisha hewa hufaa tu ikiwa bolti zimeingia kavu, pamoja na vifuko vya silika jeli.

Viwandani huongezwa utando wa kromiamu juu ya zinki. Ule wa kromiamu ya valensi sita hukinga vyema, ila ni sumu. Umoja wa Ulaya uliuwekea mipaka katika vifaa vya umeme tangu Julai 2006, na viwanda vingi vimehamia valensi tatu. Utando huo huichelewesha kutu tu.

Uonapo unga huo, usugue kwa brashi ngumu isiyo ya waya, kisha utazame chini yake. Pakiwa na kijivu cha zinki, bolti bado yafaa mahali pakavu. Pakionekana wekundu wa kutu ya chuma, isikazwe penye mzigo wala penye mvua.