Dhana ya Zama za Baada ya Ukweli: Mashaka Kutoka Kongwa na Dodoma

Dhana ya "zama za baada ya ukweli" ilienea hasa baada ya Oxford Dictionaries kuiteua kuwa neno la mwaka 2016. Watetezi wake hudai kwamba siasa za sasa huongozwa na hisia kuliko ushahidi. Mzigo wa dai hilo umo katika neno "baada", linalochukulia kwamba kuna wakati ukweli ulitawala siasa. Historia ya nyanda za kati za Tanzania inatia shaka juu ya kuwapo kwa wakati huo.

Mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, Kongwa ikiwa kituo cha mwanzo. Mradi huo haukukosa takwimu: ulikuwa na ripoti ya wataalamu na lengo la ekari zaidi ya milioni 3. Ulichokosa ni ushahidi wa wenyeji. Wagogo, wanaokumbuka miaka kwa majina ya njaa, kama vile Mtunya ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, walijua kwamba mvua ya Ugogo haiaminiki. Ujuzi huo haukuhesabiwa London. Waziri John Strachey aliutetea mradi bungeni, lakini uliachwa mwaka 1951, ukiwa umegharimu takribani pauni milioni 36.

Ukweli wa Kongwa ulijulikana kwa sababu wabunge wa upinzani na magazeti ya Uingereza walikuwa na haki ya kuhoji. Wagogo, walioishi katika ardhi hiyo, hawakuwa na mbunge wala kura katika Bunge hilo.

Suala hilohilo lilijitokeza Dodoma mwaka 2018, Bunge lilipoirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na kufanya kuwa kosa kusambaza takwimu zenye lengo la kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Baada ya ukosoaji wa ndani na nje ya nchi, sheria ilirekebishwa tena mwaka 2019.

Inaweza kujibiwa kwamba mitandao ya kijamii imeongeza kasi ya uongo. Hoja hiyo ni sahihi, lakini kasi peke yake haithibitishi kuwapo kwa zama mpya. Matukio haya mawili yanaonesha kwamba utafiti wa siasa utafaidika zaidi ukiacha kuuliza ukweli ulikufa lini, na kuuliza nani ana haki ya kupinga takwimu za mwenye mamlaka, na kwa gharama gani.