Utangulizi: Tuanze na Mkataba

Taaluma ya ukodishaji wa makaa ya mawe ya umma huvutia watu wa aina mbili ambao aghalabu hawazungumzi. Anayejali mazingira huanza na vumbi, maji na moshi. Mchumi huanza na mapato ya serikali. Ninawaomba wote waanze na mkataba wa ukodishaji, kwa sababu bei na masharti yaliyoandikwa mle ndiyo huamua nani atafaidika na nani atabaki na shimo.

Mfano wetu mkuu ni Bonde la Mto Powder, katika majimbo ya Wyoming na Montana nchini Marekani. Chini ya malisho ya bonde hilo kuna matabaka ya makaa ya mawe ambayo mahali pengine yana unene wa mita 30, tena karibu na uso wa ardhi na yenye salfa kidogo. Sheria za hewa safi za 1970 na 1990 zilipoibana mitambo ya umeme, makaa hayo yalipata soko kubwa. Hata sasa bonde hili hutoa takriban asilimia 40 ya makaa yote ya nchi hiyo. Sehemu kubwa ni mali ya umma chini ya serikali kuu, hata pale ambapo nyasi za juu ni za mfugaji binafsi.

Sheria ya 1920, iliyorekebishwa mwaka 1976, ilitaka makaa yakodishwe kwa ushindani na mrabaha wa migodi ya wazi usipungue asilimia 12.5. Lakini mwaka 1990 serikali iliacha kupanga yenyewe maeneo ya kukodisha katika bonde hili, ikaziachia kampuni ziombe vipande zinavyovitaka. Kampuni huomba kipande kilicho ubavuni mwa mgodi wake, na mshindani aliye mbali haoni faida ya kuhamishia mitambo pale. Mwaka 2013 wakaguzi wa Bunge walikuta kwamba, nchi nzima, kati ya vipande 107 vilivyokodishwa tangu 1990, vipande 96 vilikuwa na mzabuni mmoja tu. Mimi siwezi kuuita huo ushindani.

Hata hivyo, usiharakishe kuwalaumu watu wa Gillette, mji wa migodi hiyo. Karibu nusu ya mapato ya ukodishaji hurudi jimboni, na Wyoming ilitumia fedha hizo kujengea shule. Mtafiti asiyelizingatia hilo atawaona wakaidi tu, wala hataelewa kwa nini mageuzi ni magumu.

Kwenye maji ndipo hasara inapojificha zaidi. Katika bonde hili tabaka la makaa lenyewe ndilo hubeba maji ya ardhini. Likiondolewa, visima vya wafugaji wa jirani hushuka. Sheria ya 1977 inadai ardhi irejeshwe baada ya kuchimbwa na dhamana iwekwe mapema. Kwa miaka mingi, hata hivyo, Wyoming iliziruhusu kampuni kubwa kujidhamini zenyewe, yaani kutoa ahadi badala ya fedha. Kisha kampuni za makaa za Alpha, Arch na Peabody zikaomba ulinzi wa kufilisika kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, na ahadi hizo zikaanza kutiliwa shaka. Julai 2019 kampuni ya Blackjewel ilifunga ghafla migodi miwili karibu na Gillette, na mamia ya wafanyakazi wakabaki nje ya lango.

Moshi nao haumo kwenye bei. Mwaka 2018 taasisi ya jiolojia ya Marekani ilikadiria kwamba makaa, mafuta na gesi vilivyotoka kwenye ardhi na bahari za serikali kuu vilichangia karibu robo ya hewa ya kaboni dayoksaidi ya nchi hiyo kati ya 2005 na 2014. Sera nayo imeyumba: ukodishaji mpya ulisimamishwa 2016, ukafunguliwa 2017, na 2025 sheria mpya ikashusha mrabaha hadi asilimia 7. Oktoba mwaka huo huo, zabuni pekee ya takriban tani milioni 167 huko Montana ilikuwa dola 186,000, chini ya senti moja kwa tani. Serikali iliikataa.

Nchini Tanzania nako, Sheria ya Ardhi ya 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na makaa yanachimbwa Ngaka, mkoani Ruvuma. Kwa hiyo maswali ya Wyoming yanatuhusu. Ukipata nafasi ya kuuona mkataba wa mgodi ulio karibu nawe, anza na kipengele cha dhamana ya kurejesha ardhi: ni fedha kiasi gani, zimewekwa wapi, na nani anaruhusiwa kuzitoa kampuni ikiondoka.