Zebaki Udongoni: Kipimo Kikubwa Si Lazima Kiwe Hatari Kubwa

Katika machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita, mawe husagwa kwa karasha, huoshwa mwaloni, kisha huchanganywa na zebaki ili inase chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa: zebaki hugeuka mvuke, dhahabu hubaki. Mchanga uliokwisha kutumika, ambao wachimbaji huuita marudio, hurundikwa kando ya mwalo, wakati mwingine karibu na mashamba na vijito.

Mhudumu wa afya katika eneo la namna hiyo hana budi kukutana na swali hili: je, udongo huu una sumu? Maabara hujibu kwa idadi ya miligramu za zebaki katika kila kilo ya udongo. Jibu hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Rundo kavu la marudio laweza kuwa na zebaki nyingi, ilhali kiasi kidogo kilichosombwa na mvua hadi bondeni kikaleta madhara makubwa zaidi kwa viumbe. Katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, nayo huingia katika vijidudu vya majini, kisha samaki wadogo, kisha samaki wala samaki. Katika kila hatua kiwango chake mwilini huongezeka.

Kwa hiyo tathmini ya hatari kwa viumbe na mazingira huanza kwa kuchora njia: sumu iko wapi, ina umbo gani, inapitia wapi, inamfikia nani. Ndipo kiwango kilichopimwa hugawanywa kwa kiwango kinachokubalika kuwa hakidhuru. Jawabu likizidi 1, madhara hayajathibitishwa bado. Ila uchunguzi wa kina hauepukiki. Sampuli za mahali pasipochimbwa nazo huhitajika, kwa kuwa miamba yenye dhahabu mara nyingi hubeba aseniki kwa asili yake, na si haki kumhesabia mchimbaji kilichokuwapo kabla yake.

Viumbe wenyewe nao huulizwa. Chombo hugawanywa nusu mbili, udongo safi upande mmoja na unaoshukiwa upande wa pili, kisha nyungunyungu huwekwa katikati. Baada ya saa 48 huhesabiwa. Wengi wakiwa wamekimbilia udongo safi, hiyo ni ishara ya mapema, ya gharama nafuu, kwamba udongo ule haukaliki. Hata hivyo nyungunyungu hasemi lolote kuhusu samaki wa bwawa lililo chini ya mwalo. Hao lazima wapimwe wenyewe.

Kwa wajawazito kuna njia fupi zaidi, ambayo ramani nyingi huisahau: kula udongo. Kliniki ya wajawazito ndiyo mahali pa kuuliza, bila kukaripia, udongo huo umechimbwa wapi. Kuhusu samaki, onyo la jumla la kuacha kuwala huiondolea familia chakula bora bila sababu. Dagaa, walio wadogo na wenye maisha mafupi, kwa kawaida hukusanya zebaki kidogo kuliko samaki wakubwa wala samaki. Wa kutiliwa shaka kwanza ni wale wanaovuliwa katika madimbwi na vijito vinavyopokea maji ya mwaloni.